Kuchonga mwiko kwa mkono: mwongozo kamili wa anayeanza na gogo moja la mchungwa

Mwiko wangu wa kwanza ulipasuka kabla haujagusa sufuria. Niliuchonga Jumapili moja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, nikauosha, nikauanika juu ya bati ukauke upesi ili jioni niuonyeshe nyumbani. Saa kumi nilipoufuata ulikuwa na ufa kutoka kichwani hadi shingoni. Jirani yangu, mzee aliyechonga mipini ya majembe tangu ujana wake, aliushika, akaugeuza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ulikuwa na safari?"

"Hapana, Babu."

"Basi ulikuwa unauwahisha wapi?"

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kisu amekizoea kwa kumenyea viazi tu. Tutachonga kitu kimoja, mwiko wa ugali wenye urefu wa sentimita 40 hivi. Nimeuchagua kwa sababu ni bapa, hauna shimo la kuchimba kama upawa au kijiko, kwa hiyo hauhitaji patasi ya mdomo wa mviringo. Hata hivyo una mambo yote ya msingi: mstari mnyoofu, pindo, bega, na sehemu ya kupunguzwa hadi iwe nyembamba. Isitoshe, una hakimu wake. Ukivunjika kwenye ugali wa watu sita, hakuna wa kukuonea haya.

Tenga nusu saa kwa siku, jioni baada ya kazi, na uhesabu kuwa utamaliza baada ya wiki tatu hivi, siku za kukausha zikiwemo. Simu ibaki ndani. Mtaani wakisema mtu anachonga wana maana anapiga domo. Hapa tunachonga kimya, maana nusu ya kazi ni kusikiliza kisu, kama tutakavyoona. Utaratibu huu wa polepole una sababu zake. Mti hukauka kwa mwendo wake wenyewe, makali huisha na kutaka kunolewa, na kiganja kilichochoka humkata mwenyewe.

Kupata gogo

Wengi wakisikia kuchonga hufikiria mpingo. Uache kwanza. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na wachongaji wa Kimakonde wanaouweza, wa Newala na wa ng'ambo ya Ruvuma kule Mueda, Msumbiji, huanza kuutoa nyama kwa tezo, yaani shoka dogo la kuchongea, kisha patasi, kisha tupa. Kisu cha anayeanza kitateleza juu yake na kuishia kwenye kidole. Isitoshe, mti wa msituni unataka kibali. Kenya wana somo lao. Biashara ya vinyago vya Wakamba ilianzia Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mkono wa Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga akiwa huku kwetu Tanzania wakati wa vita. Kwa miongo mingi walichonga muhugu hadi ukawa adimu, na leo wengi wamehamia kwenye mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti ya uani na ya kando ya barabara.

Wewe pia anza na mti wa uani. Kwa mwiko napenda mchungwa, mlimau au mpera: nyuzi zake zimeshikana, haina harufu mbaya, na ikikauka ni migumu. Mfenesi nao unafaa na una rangi nzuri ya manjano. Mwembe unachongeka vizuri, ila utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Mwarobaini ninauachia wenye vinyago, maana uchungu wake sitaki kuukaribisha kwenye ugali. Na usiokote mbao za makreti ya mizigo, hujui zimepakwa dawa gani.

Huku Muheza, mkoani Tanga, si shida, kwani michungwa iliyozeeka hukatwa na kuishia kuwa kuni. Mwombe mkulima gogo kabla halijapasuliwa, na uwe na vigezo hivi kichwani. Liwe bichi, la wiki hiyo hiyo. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mti mbichi hukatika kama muhogo wakati mkavu hukatika kama mfupa. Liwe na kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Liwe na kipande kinyoofu cha sentimita 45 kisicho na fundo la tawi. Halafu tazama gome: mistari yake ikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimesokotwa, na mwiko utatoka umepinda. Liache, tafuta jingine.

Ukilifikisha nyumbani, usiliweke juani. Mti hupoteza maji zaidi kwenye ncha mbili zilizokatwa kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha hukauka na kusinyaa kwanza, katikati kukiwa bado kumejaa, na hapo ndipo nyufa huanza. Zipake ncha tope zito, rangi ya mafuta iliyobaki au nta ya mshumaa, kisha lifunge gogo kwenye mfuko wa plastiki na uliweke kivulini.

Kulipasua

Kwa gogo hili usitumie msumeno wa kuchana. Msumeno hukata popote unapoelekezwa, hata kukatisha nyuzi, na nyuzi zilizokatishwa ndizo zinazovunjika siku ya ugali. Shoka hufuata nyuzi zenyewe. Simamisha gogo kwenye kisiki, weka makali ya shoka katikati kabisa, juu ya kiini, kisha gonga mgongo wa shoka kwa kipande cha mti mgumu. Usitumie nyundo ya chuma, inaweza kumegua chuma kikaruka machoni. Gogo litapasuka kwa sauti moja kavu, na utaona ndani jinsi nyuzi zilivyokwenda. Nusu moja irudishe kwenye mfuko, au izamishe kwenye ndoo ya maji. Nyingine ndiyo ya kazi.

Kazi ya kwanza kwenye nusu hiyo ni kukiondoa kiini. Mti unapokauka husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzingo wa pete zake kuliko kuelekea katikati. Ukibakiza kiini, mvutano huo hauna pa kwenda ila kupasua. Hilo ndilo lililoniponza Jumapili ile, pamoja na lile bati. Chonga upande wa kiini kwa shoka hadi kipotee pamoja na sentimita moja ya mti unaokizunguka, upate uso bapa. Toa gome upande wa pili, uendelee kupunguza hadi ubaki na ubao mnene wa sentimita 3 hivi.

Vifaa na makali

Vifaa ni vichache: shoka dogo la kushika kwa mkono mmoja, msumeno wa kawaida, kisu, jiwe la kunolea, mkanda wa ngozi uliochakaa, penseli na kisiki cha kufika magotini. Kisu kiwe na ubapa mfupi, sentimita 8 hadi 10, na mpini unaojaa kiganjani. Kisu kirefu cha jikoni kinayumba. Fundi chuma anaweza kukufulia kizuri kutokana na tupa kuukuu. Kitashika kutu usipokifuta, lakini kinanoleka upesi.

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanaoacha kuchonga huacha kwa sababu ya kisu butu wakidhani mikono yao ndiyo mibovu. Kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza hukata mtu. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na ndiye anayebaki na vidole vyake.

Lilowekeshe jiwe dakika 10. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo wake kidogo tu: kwa kisu chenye upana wa sentimita 2, nafasi kati ya mgongo na jiwe iwe milimita 4. Paka wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa makali kabla ya kuanza. Sugua mara tatu, tazama. Wino ukitoka juu tu, makali yenyewe hayagusi jiwe, inua mgongo zaidi. Ukitoka pale makali yanapoishia tu, umeinua mno. Ukitoka wote sawasawa, umepata pembe. Ishike hiyo hiyo hadi mwisho. Sugua upande mmoja hadi upande wa pili uhisi kijinyuzi cha chuma kimekunjamana ukipitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kufuata makali. Geuza, fanya upande wa pili, kisha rudia pande zote kwenye uso laini wa jiwe.

Kinachofuata wengi hukiruka. Gundisha kipande cha ule mkanda kwenye ubao na uburute kisu juu yake mgongo ukitangulia, mara 20 kila upande. Ngozi huondoa kile kijinyuzi. Wakati wa kuchonga urudie kila baada ya robo saa, hata kama unaona kisu bado kinakata. Ndiyo mapumziko yako pia.

Kupima makali, kata ncha ya kijiti kwa kukatisha nyuzi. Uso ukitoka unang'aa kama ulioguswa na maji, kisu kiko tayari. Ukiona michirizi myeupe, makali yana pengo mahali hapo. Rudi kwenye jiwe.

Siku tatu za kijiti

Kabla ya kuugusa ubao, chukua kijiti cha mpera chenye unene wa dole gumba na urefu wa sentimita 25. Siku tatu zote ni zake. Keti kwenye kigoda kifupi, viwiko juu ya magoti, kazi ikiwa mbele ya magoti. Usichonge kamwe katikati ya mapaja. Upande wa ndani wa paja una mshipa mkubwa wa damu, na huo haukupi nafasi ya kujuta. Hakikisha hakuna mtoto aliye ndani ya urefu wa mkono wako na kisu. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuchungulia kwa dakika 10 na uinue mkono juu. Damu isipokata, nenda hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Kuna mikato mitatu. Wa kwanza ni wa kusukuma kwa dole gumba: mkono wa kulia umeshika kisu umetulia, na dole gumba la mkono wa kushoto, ulioshika kijiti, linasukuma mgongo wa kisu. Kisu husogea kama sentimita moja tu. Huu ndio mkato wa usalama, na ndio utakaoutumia zaidi. Wa pili unaujua tayari, ni ule wa kumenya kiazi kwa kuvuta kisu kuelekea dole gumba. Ila weka dole hilo chini ya njia ya kisu, siyo mbele yake. Wa tatu ni wa nguvu: kiwiko kimenyooka, kisu kinasukumwa kwa bega kwenda mbele na mbali na mwili. Tumia kuondoa mti mwingi.

Siku ya kwanza chonga ncha kali kama ya penseli. Siku ya pili fanya kijiti kiwe na pande nne, kisha nane. Siku ya tatu chonga kijibonde katikati yake. Hicho kijibonde ndicho kitakachokufundisha jambo kuu la ufundi huu.

Njia ya nyuzi

Pitisha mkono juu ya paka kutoka kichwani kwenda mkiani, kisha urudishe. Mti ni hivyo hivyo. Ukikata kwa kufuata njia ya nyuzi, kisu hutoa sauti ndefu laini, *ssss*, na randa hutoka limejikunja kama ganda la chungwa lililomenywa na mtu mvumilivu. Ukikata kinyume, sauti hubadilika kabla jicho halijaona kitu: hukwaruza, hukatika katika, kisha kisu kinazama na mti unafumuka kama makumbi. Ukisikia sauti hiyo simama hapo hapo. Usiongeze nguvu. Geuza mti na ukate kutoka upande wa pili.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kisu hushuka mlima, hakipandi. Kwenye kijibonde cha kijiti chako kuna miteremko miwili inayokutana. Shuka wa kulia hadi chini kabisa, toa kisu, shuka wa kushoto hadi mikato ikutane. Ukipitiliza hatua moja upande wa pili tayari unapanda mlima, na mti utafumuka. Pale shingo ya mwiko inapokutana na ubapa ni kijibonde hicho hicho, kikubwa zaidi. Babu alinikalisha juma zima kwenye kijiti kwa ajili ya hilo peke yake, nami nilinung'unika kila jioni.

Kuutoa mwiko ndani ya ubao

Chukua mwiko unaoupenda jikoni, ulaze juu ya ubao, uchore kwa penseli ukifuata urefu wa nyuzi. Ubapa uwe na upana wa sentimita 7, mpini sentimita 2 na nusu kwa sasa. Acha shingo nene kuliko unavyoona inapendeza. Mwiko wa ugali hauvunjiki penginepo. Uzito wote wa kusonga huishia hapo.

Kwa msumeno, kata mistari miwili kutoka pembeni hadi karibu na shingo, mmoja kila upande. Itazuia shoka lisipasue moja kwa moja hadi kwenye ubapa. Sasa simamisha ubao kwenye kisiki, ubapa ukiwa juu, ushike kwa juu kabisa, na uchonge kwa shoka nusu ya chini peke yake. Mkono ulioshika ukae juu daima, shoka chini. Shika shoka karibu na kichwa chake na uliache lishuke kwa uzito wake. Kwanza piga mikato midogo ya mshazari kwenda chini, kama magamba ya samaki, kisha pitia tena ukiyaondoa magamba. Ukitaka kuchonga nusu ya pili, pindua ubao. Simama milimita 5 kabla ya mstari wa penseli. Hizo milimita 5 ni za kisu.

Halafu tazama mwiko kutoka ubavuni na uupunguze unene: karibu na shingo ubaki sentimita moja na nusu, ukiteremka taratibu hadi milimita 6 kwenye ncha. Hii ni kazi ya jioni moja ya shoka. Baada yake shoka lipumzike.

Za kisu ni jioni nne au tano. Usianzie sehemu moja ukaimaliza. Zunguka mwiko mzima, toa kidogo kila mahali, ndipo utakapoona uwiano. Mpini ufanye pande nne, kisha nane, kisha uondoe pembe, kama ulivyofanya kwenye kijiti. Kila baada ya muda ushike kama unayesonga, ufumbe macho. Kiganja huhisi uvimbe ambao jicho halioni. Kila jioni ukimaliza, urudishe kwenye mfuko wa plastiki usikauke kabla ya wakati.

Kukausha

Hapa ndipo palipo na bati langu, kwa hiyo nisikilize. Mwiko ukibakiza unene wa milimita moja au mbili tu kufika unapotaka, ufunge kwenye gazeti pamoja na maranda yake mwenyewe, uutie kwenye mfuko wa kaki, uuweke ndani ya kabati. Si juani, si jikoni karibu na jiko, si dirishani penye upepo. Badilisha gazeti likiwa na unyevu. Muuza duka wa karibu akikuruhusu mizani, upime kila siku mbili tatu na uandike gramu kwenye gazeti lenyewe. Mwanzoni uzito utashuka kwa kasi. Ukikuta vipimo vitatu mfululizo havijabadilika, umekauka. Kwa unyevunyevu wa Tanga wangu huchukua wiki mbili, na wakati wa masika zaidi.

Kumaliza

Noa kisu upya, ukali kuliko siku zote, na uondoe ile milimita iliyobaki kwa maranda membamba yanayopitisha mwanga. Mti sasa ni mgumu, kwa hiyo tumia mkato wa dole gumba tu. Mimi huishia hapo, naacha alama za kisu zionekane. Ukitaka laini kabisa, tumia msasa namba 120, kisha 240, kisha 400. Ulowanishe mwiko kidogo, nyuzi zitasimama, acha ukauke, upitishe 400 tena. Ila ukishapiga msasa usirudi na kisu. Chembe zake hubaki ndani ya mti na zitakula makali uliyoyahangaikia.

Vanishi isikaribie chombo cha chakula. Pasha mafuta ya nazi kidogo, paka kwa kitambaa, acha usiku mzima, futa yaliyobaki. Mafuta ya kitani ni bora zaidi ukiyapata yasiyochanganywa na dawa ya kukaushia, kwa sababu hugandia ndani ya mti, lakini uyape wiki kadhaa. Ya alizeti huwa yananata. Mafuta ya nazi utayarudia kila mwiko ukianza kupauka.

Baada ya ugali, uoshe mara moja na uusimamishe kivulini ukauke. Kuulaza kwenye beseni la maji usiku kucha ni kuurudisha msituni.

Na ile nusu ya pili ya gogo, kama uliizamisha kwenye ndoo, ibadilishie maji kila siku mbili, la sivyo itanuka hadi kwa majirani. Inatosha mwiko mmoja zaidi, wa kupakulia wali.